Dozi Nyekundu

4 Machi

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima, na Shangazi naye mzima, na mgongo wake siku hizi unamruhusu kuinama. Kwa desturi hapa ningeandika kwamba nami sijambo. Safari hii siwezi.

Najua umeshtuka kuona mwandiko wangu. Miaka mitatu si mchezo. Wiki hii nimekupigia simu mara nne, na mara zote nne umekata. Sikulaumu. Siku nilipokwenda kufanya kazi kwenye duka la mashine za kuchapa mabango ulisema kwamba mashine hizo zinakuua kwa njaa wewe na kila fundi wa brashi, na kwamba hutaki kusikia sauti yangu mpaka niziache. Basi nimeziacha, Baba. Ila si kwa kupenda.

Ilianza na uchovu. Duka liko ghorofa ya pili tu, lakini nikawa napumzika ngazini mara mbili kama ajuza. Kisha fizi zikawa zinatoka damu nikipiga mswaki, na mapaja yakajaa madoa ya buluu. Bosi akadhani nimeolewa na mtu wa ngumi, akaniita pembeni kunipa pole. Nilicheka. Nilipokwenda kupima, yule mtu wa maabara alitoka mara mbili kuja kunitazama usoni, nikajua hapa pana neno.

Ni saratani ya damu, ile inayokwenda mbio. Daktari wangu ni mama mmoja mpole anayevaa miwani yenye kamba. Alisema bila dawa ni suala la wiki, si miaka. Nimelazwa tangu juzi. Kesho wananianzishia dawa inaitwa daunorubisini, itaingia mshipani siku tatu, pamoja na nyingine itakayotiririka siku saba.

Sitaki uje. Naogopa tutagombana mbele ya wagonjwa. Nimetaka tu ulisikie kwangu, usije ukalisikia kwa mpita njia.

Nisalimie Shangazi.

Mwanao.


11 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Sisi tupo. Shangazi yako anakusalimu na analia. Nimemwambia anyamaze, akanijibu nianze mimi.

Barua yako niliisomea juu ya ngazi, ukutani kwa duka la dawa za mifugo. Nilikuwa nimeshachora ng'ombe mzima, bado mkia. Nilishuka. Mpaka leo ng'ombe yule hana mkia, na mwenye duka ananitafuta mtaa mzima.

Usinichagulie cha kuogopa. Lakini kama hutaki nije, sitakuja. Mimi nina ulimi mkali, na wewe unao, sijui uliutoa wapi. Simu zako sikuzikata kwa chuki. Kwenye simu mimi najua kugombana tu, neno likishatoka limetoka. Kwenye karatasi naweza kufuta. Barua hii nimeiandika mara tatu.

Sasa niambie kila kitu, usinifiche kama mtoto. Hiyo dawa ikoje? Inauma? Nani anakupa maji? Jina lake nimelisoma kwa sauti mpaka Shangazi akauliza nazungumza na nani. Herufi kumi na tatu. Fundi yeyote angekwambia halikai kwenye kibao kidogo.

Kula. Hata kama hutaki, kula.

Baba yako.


27 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Habari za huko? Mkia wa ng'ombe umepatikana?

Umeniuliza dawa ikoje. Ni nyekundu, Baba. Si nyekundu ya damu. Ni ile uliyokuwa ukiipata ukidondoshea manjano kidogo, ukasema hii ndiyo inayomsimamisha mtu aliye ng'ambo ya barabara. Inakuja ndani ya bomba nene la sindano. Muuguzi mmoja mfupi, wagonjwa tunamwita Kapteni, huvuta kiti, akakaa, akaisukuma taratibu huku jicho lake liko kwenye mkono wangu. Usoni haniangalii hata mara moja.

"Ukisikia moto, sema," aliniambia siku ya kwanza. "Ikivuja nje ya mshipa inachoma nyama. Usijifanye shujaa hapa."

"Nikisikia baridi je?"

"Baridi vumilia."

Jioni ile nilikwenda chooni nikapiga kelele. Mkojo mwekundu! Nikajua nimekwisha. Mgonjwa wa kitanda cha pili, mwalimu wa hesabu wa shule ya msingi, akacheka mpaka drip yake ikatikisika. Akasema ni dawa tu inatoka, kesho kutwa utarudi wa kawaida, karibu chamani.

Siku tatu zile nilizimaliza vizuri, nikaanza kujigamba. Kumbe mambo yanakuja baadaye. Dawa haina macho, inaua chembe mbaya na nzuri zote. Siku ya kumi mdomo ulijaa vidonda mpaka kooni, hata mate yalinichoma. Nilikuwa nazungumza kwa kuandika kwenye daftari la Mwalimu, naye ananisahihisha vituo. Homa ikapanda siku tano. Ningekuandikia mapema lakini mkono ulikuwa hautaki. Nywele zimebaki kwenye mto wa kulalia, Kapteni akamalizia zilizosalia kwa mashine. Anasema nina kichwa kizuri. Mwalimu anasema ni duara kamili, angekitumia kufundishia.

Maji ananipa Mwalimu, na siku zake mbaya nampa mimi.

Wiki ijayo wanatoboa mfupa wa nyonga kuangalia uboho. Humo ndimo damu inamotengenezwa, na humo ndimo mlimoharibika.

Mwanao.


6 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, tena marahaba. Nimeisoma barua yako, Shangazi akaisoma, akaja jirani akaisoma, nikaona sasa inatosha nikaificha.

Nywele zisikusumbue, zitaota. Za kwangu ndizo zilizokata shauri kabisa.

Juzi nilipita kwenye lile duka la mabango lililofunguliwa hapa kwetu. Nilikuwa sijawahi kuingia tangu lilipofunguliwa. Nikasimama nikaitazama mashine ikifanya kazi. Ilitoa bango la mita tatu muda ambao mimi bado natafuta penseli. Kijana akaniuliza, "Mzee, unahitaji nini?" Nikamwambia nimekuja kuona kitu kilichonigombanisha na mwanangu. Hakunielewa. Mashine yenyewe ni boksi tu, mwanangu. Nilikuwa nimeikasirikia kama mtu.

Nina swali moja. Daktari amesema ugonjwa huu umetoka wapi? Alikuuliza umewahi kufanya kazi gani, umekaa na nini? Mwulize. Uniandikie alivyosema, kama alivyosema.

Baba yako.


16 Mei

Baba,

Shikamoo. Hamjambo wote? Mimi leo sijambo, na naliandika neno hili kwa herufi kubwa: SIJAMBO.

Uboho ni safi! Daktari alikuja mwenyewe, akavua miwani, akasema kwa darubini hawaoni chembe mbaya hata moja. Ilibidi wanirudie mzunguko wa pili wa ile nyekundu, kwa sababu wa kwanza ulibakiza kidogo, lakini sasa hakuna. Hajasema nimepona. Anasema ugonjwa umelala, na mizunguko iliyobaki, ya dawa nyingine, ni ya kuhakikisha hauamki. Nitakuwa naingia wodini na kutoka. Kapteni amenipigia saluti.

Mwalimu uboho wake haukuwa safi. Wamemrudisha kwao. Aliniachia daftari.

Kuhusu swali lako, daktari anasema ugonjwa huu hutokea tu. Basi.

Mwezi wa nane, nguvu zikiruhusu, nitakuja kuwaona.

Mwanao.


30 Agosti

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama, nimeanza mzunguko wa mwisho leo asubuhi. Mwambie Shangazi ule mto alioniwekea mgongoni umenisaidia njia nzima. Mwambie pia aache kunipigia kila saa kuuliza kama nimekula.

Nilifurahi, Baba. Zile siku nane zilinitosha kwa mwaka mzima. Ila kuna jambo lilinikaa rohoni nikashindwa kulisema mbele yako, kwa kuwa tulikuwa tumepatana na sikutaka kuchokoza.

Mbona hukuniruhusu kuingia karakana? Kila asubuhi ulinitolea kiti nje, kivulini, mbali kabisa na mlango. Nilitaka nikae ndani nikuangalie unavyochora, kama zamani. Siku ya nne nilinyanyuka nikasogea mlangoni, ukapaza sauti, "Kaa huko huko!" Mpaka Shangazi akatoka kuangalia kuna nini. Siku ile nilirudi kitini nikajua hujanisamehe. Unanilisha, unanichekea, lakini mahali pa kazi yako hunitaki tena.

Kama ndivyo, niambie. Nimeshachomwa sindano nyingi, hiyo nayo nitaimudu.

Mwanao.


9 Septemba

Mwanangu,

Marahaba. Shangazi hajambo. Mimi mwili ni mzima.

Si hivyo unavyodhani. Naomba uisome barua hii ukiwa umekaa.

Mwezi wa nne, kabla sijakuuliza lile swali, alikuja tabibu wa zahanati kutaka kibao. Nikamweleza habari zako. Akatazama makopo yangu, akauliza, "Alikulia humu?" Nikasema humu humu. Kisha akanieleza kwamba kwenye petroli na thina tunazooshea brashi mna kitu kinachoweza kuingia mwilini, kwa pumzi na kwa ngozi, kikaharibu uboho. Hakusema ndicho kilichokuangusha. Alisema kinaweza.

Ndiyo maana nilikuweka nje. Nisingeweza kukuona ukiivuta tena ile harufu hata dakika moja. Nilipopaza sauti ilikuwa ni woga.

Ningetaka kuishia hapa. Nilishaifunga barua jana, nikaifungua.

Ulikuwa na miaka tisa. Afisa wa afya alikuja kuchukua bango lake la chanjo. Akakukuta umetumbukiza mikono kwenye kopo la petroli mpaka viwikoni, unaosha brashi zangu, unaimba. Akaniambia, mbele ya watu, "Fundi, mtoto asiguse hii kitu. Wala asiivute. Inaingia mwilini." Mimi nikamjibu, "Mbona mimi sijafa?" Watu wakacheka. Nami nikafurahi jinsi walivyocheka, nikaona nimemweza msomi. Wewe ukaendelea kuosha brashi miaka kumi.

Nilikuwa sijui kilichomo, hilo ni kweli. Lakini niliambiwa. Uso wa yule bwana nauona kila ninapofungua kopo.

Miaka mitatu nilikununia kwa kuacha brashi na kufuata mashine. Sasa najiuliza, laiti ungeondoka mapema zaidi.

Siombi chochote. Nimeona tu ni haki yako kujua.

Baba yako.


12 Oktoba

Mwanangu,

Hujambo? Sijapata jibu, na Shangazi akikupigia simu hupokei. Nimepita posta kila siku ya wiki isipokuwa Jumapili, mpaka yule mama wa dirishani akiniona anatikisa kichwa kabla sijafika.

Kama umekasirika, kasirika. Kama hutaki kuniandikia, mwandikie Shangazi, yeye hana kosa. Tuambie tu kama mzunguko wa mwisho umekwisha salama na kama unakula.

Makopo yote nimeyatoa. Nanunua rangi za maji. Wateja wanalalamika mvua inazifuta. Acha zifutike.

Baba yako.


3 Novemba

Baba,

Shikamoo. Shangazi hajambo?

Barua zako zote mbili nilizipata. Nimechelewa kwa sababu mbili, nitakueleza zote.

Ya kwanza ni hasira. Wiki ile ya kwanza hospitalini, Machi, daktari aliniuliza nimefanya kazi gani. Nikamweleza karakana, petroli, thina, kila kitu. Akaandika. Nikamwuliza kama ndiyo sababu. Akasema kwa mtu mmoja mmoja hakuna anayeweza kujua. Wako walioosha brashi maisha yao yote wakazeeka, na wako waliolazwa humu ambao hawajawahi kushika brashi. Mwalimu alishika chaki tu. Lakini akasema inawezekana. Kwa hiyo uliponiuliza, nilikudanganya kwamba hutokea tu. Nilikwisha kukusamehe, Baba. Nilikusamehe Machi ile ile, kitandani, bila wewe kuomba, kwa sababu nilijiambia hukujua.

Kumbe uliambiwa.

Si thina iliyoniuma. Ni kile kicheko. Nakikumbuka! Nilikuwepo, mikono ikiwa kwenye kopo, na mimi nilicheka pamoja na watu kwa sababu Baba yangu alikuwa amesema kitu cha kuchekesha. Barua yako niliikunja nikaiweka chini ya godoro, nikakaa na hasira wiki tatu. Nilikuandikia majibu mawili, yote nikayachana. Umesema kwenye karatasi mtu anaweza kufuta. Ni kweli.

Sababu ya pili ni hii. Mwanzoni mwa Oktoba madoa ya buluu yalirudi. Nilijua kabla ya kupimwa. Ugonjwa umeamka. Nikamwambia daktari, basi tuanze ile nyekundu, iliulaza mara ya kwanza, itaulaza tena. Akanipeleka kwenye kipimo cha moyo. Aliporudi hakusimama mlangoni kama kawaida yake. Alikuja akakaa kwenye kiti cha Kapteni.

"Ile dawa ina deni lake kwa moyo," akasema. "Mioyo mingi inavumilia. Wako umechoka. Nikikupa tena, moyo utakwenda kabla ya ugonjwa."

"Na nyingine?"

"Zipo za kupunguza mwendo. Za kuufukuza, kwa hali ya moyo huu, sina."

Nikamwuliza muda. Akasema wiki kadhaa, pengine zaidi kidogo. Nilimshukuru kwa kutonizungusha. Alipotoka nikamwona kwenye kioo cha mlango amevua miwani, amesimama tu.

Unajua nilichokifanya? Niliitoa barua yako chini ya godoro nikaisoma upya. Mara ya kwanza nilisoma kosa lako tu. Safari hii nikaona kwamba ulikwisha kuifunga ukaifungua. Hakuna aliyekulazimisha. Yule afisa wa afya hata hakumbuki, na mimi nisingejua kamwe. Ungeweza kwenda na siri hiyo mpaka mwisho.

Sijui kama nimekusamehe hilo la pili, la kuambiwa ukafanya mzaha. Sitaki kukudanganya tena, nilishakudanganya mara moja. Siku nyingine naamka nimekusamehe, ikifika saa sita mchana nina hasira upya. Pengine ningepata mwaka mmoja ningefika. Sina mwaka.

Lakini najua ninachotaka. Machi nilikuandikia usije. Sasa nakwambia njoo. Ukitaka kugombana tutagombana, wagonjwa wa humu wamezoea kelele. Usijibu barua hii, itakuchelewesha. Panda gari.

Mwanao.


7 Novemba, saa nne asubuhi

Mwanangu,

Karatasi hii nampa yule muuguzi mfupi akuletee. Naona ndiye Kapteni, ameniamuru nikae na nimekaa.

Nimefika tangu saa mbili. Niko kwenye benchi la korido, mlango wa tatu kutoka kwako. Shangazi amebaki, mgongo umegoma, amekutumia shuka.

Kapteni aliniambia niingie nikashindwa. Nimeoga jana nikaoga na leo, shati ni jipya, limetoka dukani na mikunjo yake. Lakini nikinusa viganja bado naisikia. Pengine ni kichwa changu tu. Miaka arobaini imo kwenye kucha hizi. Nimekwenda kunawa mara tatu kwenye sinki lao, sabuni imekwisha.

Sitaki kukuletea tena kitu hicho humo ndani. Ukisema nikutazame kwa kioo, nitakutazama kwa kioo. Niambie tu.

Baba yako.


Baba,

Shikamoo. Nimeandika nyuma ya karatasi yako, niwie radhi, na mwandiko ndio huu.

Pua yangu ilikufa tangu Septemba. Hata dawa ya kudekia sakafu siisikii. Kwa hiyo viganja vyako ni shida yako mwenyewe.

Kapteni atakupa barakoa na joho la kuvaa. Atakwambia usinishike. Mwitikie tu, halafu yeye atageuka kuangalia dirishani, tumekwisha kuelewana.

Sina pumzi ya kuzungumza sana. Usianze na habari ya kopo. Nianzie na ng'ombe, nataka kujua mwenye duka alikupata wapi.

Dawa hizi zinanilaza bila kuniuliza. Ukinikuta nimesinzia usiniamshe, na usiondoke. Kiti kiko upande wa kulia.

Ingia.

Mwanao.